Violini ya Watu Wawili

Simu ilinikuta jikoni kwangu Natta nikichambua mchele. Namba sikuijua. Sauti ya mwanamke ilinipa shikamoo, ikajitambulisha kuwa ni Akinyi, binti wa Okeyo wa mikate, na kabla sijauliza Okeyo hajambo ikasema kwamba baba amefariki, mazishi ni Jumamosi nyumbani karibu na Sirari, na kwamba aliacha neno Robi wa Morotonga aambiwe. "Ni wewe, mama?" aliuliza. Nilisema ni mimi, ingawa Morotonga sijakaa tangu usichana wangu na jina la Robi halitumiki tena. Hapa Natta naitwa Mama Nesi, hata baada ya kustaafu. Nikarudi kwenye mchele. Kazini nilishika mikono ya watu wengi waliokuwa wanakufa, na tabia moja niliyoipata huko ni kumaliza kwanza nilichoanza. Niliumaliza, nikaupika, nikala, nikaosha sahani. Halafu nikakaa kitako nikajaribu kukumbuka uso wa Okeyo, na kilichonijia ni unga wa ngano.

Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani kule Mbalibali, nitaziacha. Wapo wanaozipenda na watazisimulia wenyewe. Ninachotaka kuandika ni mwaka mmoja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka mabaya, na watu wa nyumbani walipochoka kuyazungumza nilipelekwa Morotonga kwa Shangazi Ghati, aliyekuwa na hoteli kando ya barabara ya Mugumu. Hoteli ni jina tu. Kilikuwa chumba kimoja chenye kuta za kijani hadi usawa wa kiuno na nyeupe kwenda juu, meza za mbao zilizofunikwa plastiki ya maua, beseni la kunawia mlangoni, na nyuma yake jiko la kuni na stoo. Asubuhi tuliuza chai ya maziwa, mikate, chapati na uji wa ulezi. Mchana ugali na nyama ya kuchemsha, na wali kwa waliotaka kuonekana wanakula wali. Wateja walikuwa wakulima wa jirani, walimu, vijana wa kambi za watalii, na wale wageni kutoka Shinyanga, Kigoma na kwingineko waliokuwa wakienda kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Tarime, au wakirudi. Waliokuwa wakienda walizungumza kwa sauti kubwa. Waliokuwa wakirudi waliagiza chai ya rangi. Mimi nilibeba sinia, na ukibeba sinia kila siku unajua kwamba watu hawamwangalii aliyelibeba, wanaangalia kilichomo. Kwa umri niliokuwa nao jambo hilo liliniuma kuliko mtihani.

Okestra niliingia kwa sababu ya chai. Mwalimu Nyamhanga, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mwenye koti moja la kahawia kwa majira yote, alikuwa anakunywa kwetu baada ya ibada. Chuoni alikuwa amefundishwa violini na mtawa wa kigeni, na tangu hapo alikuwa akiota kuwa na okestra, hata kama ni ya watu wa Morotonga. Marafiki wa kanisa huko ng'ambo walimletea makasha ya violini kuukuu. Nyingine zilifika zimepasuka kifua, nyingine hazina shingo, na zilizobaki hazikuwatosha watu aliowakusanya: manesi wa zahanati, walimu wenzake, fundi cherehani, na mlinzi wa kambi ya Natta aliyekuwa anakuja mazoezini na sare yake na filimbi shingoni. Mwalimu akaweka utaratibu wa violini moja kwa watu wawili, kila mtu na zamu yake. Siku moja alilalamika kwamba kuna violini moja ina mtu wa jioni tu, asubuhi inalala bure. Nilikuwa nafuta meza yake. Nikamwambia asubuhi, chai ikishaisha, mimi nina nafasi. Akaniangalia, na nakumbuka kwamba aliangalia mikono yangu, si sinia. "Basi mwenzako ni Okeyo," alisema. "Okeyo gani?" "Wa mikate. Si ndiye anayewaletea hapa?"

Nilimjua kama kengele ya baiskeli. Alikuja alfajiri na sanduku la mbao nyuma ya kiti, akahesabiwa mikate, akaondoka. Alikuwa Mjaluo wa upande wa Sirari, kijana aliyejaribu kuchimba dhahabu akaacha kwa sababu ya kikohozi, na sasa alikuwa anaoka mikate usiku kwenye tanuri la udongo nyuma ya soko. Utaratibu wetu ukawa hivi: alfajiri violini ilikuja ndani ya sanduku pamoja na mikate, imefungwa kwenye gunia la unga. Mimi nilikuwa nayo hadi mchana. Yeye akishaamka alikuja kuichukua, akapiga chumbani kwake hadi saa ya kuwasha tanuri, ikalala naye hapo kwenye joto, na kesho yake ikarudi na mikate. Kwa hiyo, ukiacha mazoezi ya wote ya Jumamosi, tulikuwa tunaonana kidogo sana, mlangoni, mmoja akitoa na mwingine akipokea. Lakini nilimfahamu kwa njia ambayo sijamfahamu mtu mwingine tena, hata niliyelala naye nyumba moja. Nilijua siku aliyokuwa na hasira, kwa sababu nyuzi zilikuwa zimelegea na upinde umekazwa mno. Nilijua siku ambayo hakupiga kabisa, kwa sababu utomvu ule tunaosugulia upinde ulikuwa haujapungua. Unga ulijaa kwenye matundu mawili ya kifua. Ukiitikisa ulitoka kama nafaka kwenye kinu. Na yeye alinifahamu vivyo hivyo. Mlangoni aliniambia, akiniita binti wa Mbalibali kwa Kijaluo, "Nyar Mbalibali, jana ulikuwa unakata vitunguu. Nimelia mpaka nikashindwa kuusoma wimbo." Nilimwambia wimbo hausomwi, unapigwa. Akasema hata hivyo alilia.

Mazoezi yangu niliyafanya stoo, kati ya magunia ya mahindi na mapipa ya maji, mlango umerudishwa. Kupitia ukutani nilisikia hotelini kila kitu na hotelini walinisikia mimi. Miezi ya kwanza wageni waliuliza. "Mama, kuna paka amebanwa huko nyuma?" Shangazi Ghati hakuwa mtu wa kutetea. Alijibu, "Huyo ni mtoto wa kaka yangu, anajifunza kumlilia Mungu," na wakacheka, na nikaendelea. Baadaye waliacha kuuliza. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa anarudi kutoka machimboni, akinywa chai yake ya rangi, alimwambia mwenzake, "Huo wimbo ni ule wa kanisani, ule wa jioni." Hakusema ni mzuri. Alisema ameutambua. Nilisimama pale stoo na upinde mkononi, nikahisi furaha ambayo vyeti vyote nilivyokuja kupata havikunipa. Sasa nikifikiri naona kwamba hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta mwaka ule: nilitaka kukaa mbele za watu nikiwa nimeshika kitu kisicho sinia, na watu wakijue.

Violini yetu ilikuwa imepoteza kile kipande cheusi cha kuwekea kidevu. Kilichobaki ni chuma chake, nacho kilinikwaruza shingo mpaka nikatoka vipele. Nilikata pindo la kitenge cha zamani cha Shangazi, cha bluu chenye madoa ya njano, nikajaza pamba ya zahanati niliyoombewa na nesi mmoja wa okestra, nikakishonea pale kwa uzi wa gunia. Ushonaji wangu ulikuwa wa hovyo lakini ulishika. Alfajiri iliyofuata Okeyo alifungua gunia lake mbele yangu na kunionyesha violini yetu kana kwamba sijawahi kuiona. "Sasa umeivalisha," alisema. "Kesho itataka viatu." Nikamwambia kama hakitaki akifungue jioni na kukifunga asubuhi. "Kwangu hakina kazi," alisema, "lakini hakinidhuru."

Hakikuwa na kazi kwake kwa sababu violini Okeyo hakuiweka kidevuni. Kwao alikulia kwenye orutu, kile kinanda cha Wajaluo chenye uzi mmoja, kinachoegemezwa kiunoni na kupigwa kwa upinde, na mwili wake ulikuwa umeshaamua mambo hayo yanavyofanyika. Mazoezi yalikuwa kwenye ghala la zamani la mahindi lenye harufu ya dawa ya wadudu, kila Jumamosi mchana. Wenye violini moja tuliyagawana nusu kwa nusu, na katika nusu yake Okeyo alianza vizuri, violini begani, shingo imekakamaa kama mtu anayepimwa koti. Wimbo ukikolea violini iliteremka. Ilipita kifuani, ikapita tumboni, mwisho ikawa imesimama wima juu ya mkanda wake, na hapo ndipo ilipoanza kutoa sauti ya kweli. Mwalimu Nyamhanga alikuwa anagonga fimbo yake kwenye meza. "Okeyo! Kidevu!" Okeyo aliipandisha. "Samahani, mwalimu." Wimbo mwingine ukaanza, ikateremka tena. Mlinzi wa Natta, aliyemwita kila mwanamume mura, yaani kijana, alisema kwa sauti ya chini, "Mura, mwache, inatafuta kwao." Ghala zima lilicheka, isipokuwa Mwalimu.

Kwenye kona ya ghala kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, cha wamisionari wa kwanza, ambacho kila mtu alikiheshimu kama babu mzaa baba. Panya walikuwa wamekila ngozi, mvukuto wake ulikuwa na kikohozi, lakini kiliimba, na Mwalimu kabla ya kila mazoezi alikanyaga, akabonyeza sauti moja, na sisi tukakaza au kulegeza nyuzi mpaka tulingane nayo. Kutyuni, tuliita. Hakuna aliyewahi kuuliza kinanda chenyewe kimelingana na nani. Kilikuwa cha kanisa, kilikuwa na umri mkubwa kuliko sisi sote, na kilikuwa peke yake. Mwaka mzima tulikaa tumepatana vizuri sana. Nadhani sijawahi kukaa tena na kundi la watu waliopatana kiasi kile.

Mavuno yalipokwisha, Mwalimu alitangaza kwamba tumealikwa Tarime mjini, kwenye mkutano mkubwa wa kwaya, na okestra ya Morotonga itapiga wimbo ule wa jioni mbele ya wageni wote. Tulipiga makofi. Kisha akasema kule hakutakuwa na kubadilishana. Mtu hawezi kunyanyuka katikati ya wimbo na kumkabidhi mwenzake violini mbele ya maaskofu. Kwa kila violini atakaa kitini mtu mmoja, na mwingine atabaki, au atakuja kubeba makasha. Watu waliangaliana. Wengi walimalizana haraka. Mmoja alikuwa na zamu ya kazi, mwingine aliogopa watu. Mimi na Okeyo hatukumalizana. Alfajiri alileta mikate, nikapokea. Mchana nilimpa violini, akapokea. Nilitaka kwenda Tarime kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijua, kwa sababu violini ilikuwa inaniambia kila asubuhi, kwamba naye anataka. Utomvu ulikuwa unaisha haraka. Alikuwa anapiga hadi dakika ya mwisho ya kuwasha tanuri.

Uamuzi niliusikia kupitia ukuta wa stoo. Nilikuwa nimesimama kupumzisha mkono, na Mwalimu alikuwa mezani na Shangazi Ghati.

"Ataenda Robi," alisema.

"Anapiga vizuri hivyo?" aliuliza Shangazi, na sauti yake ilikuwa na mshangao wa kutosha kunikera.

"Anapiga sawasawa. Yule mwingine ndiye anayepiga vizuri. Lakini mama, anaishika kama orutu. Nitawaambia nini wale wageni? Watasema tumetoka porini."

"Si tumetoka porini kweli? Simba wako hapo."

"Usinichekeshe. Robi ana kidevu."

Sikuumia, nilifurahi. Mtu angependa niandike kwamba niliona aibu kuchaguliwa kwa kidevu, lakini nilikuwa na umri ule, na nilikuwa nimechaguliwa. Niliinua upinde nikapiga wimbo wote kwa nguvu hadi Shangazi akagonga ukuta. Alfajiri iliyofuata Okeyo alipanga mikate mezani kama kawaida, akanipa gunia. "Mwalimu ameniambia," alisema. Nikasema na mimi nimesikia. Akanikagua kidogo, akagusa kidevu chake mwenyewe. "Kimenishinda hiki. Omera, ndugu yangu, mtu anashindwa na kidevu chake." Nilicheka kwa sababu nilifikiri ni utani, na labda ulikuwa utani. Akasema atakuja Tarime kubeba makasha, na mikate ya safarini ni juu yake.

Jumamosi iliyopita, siku ya mazishi yake, nilikuwa nimeketi chini ya turubai karibu na Sirari nikisikiliza watu wakimzungumzia. Pale Kiswahili ni cha mpakani, kimechanganyika na Kijaluo na cha upande wa pili, na walikaa wakila ugali na samaki na kusema habari za mikate. Alikuwa na duka la mikate miaka yote. Mikate yake haikuwa na hewa katikati. Aliwakopesha watu. Mtu mmoja alisema Okeyo hakuwa mtu wa maneno, na mwingine akasema, aa, alikuwa na maneno ila uyasubiri. Hakuna aliyetaja violini. Nilianza kufikiri kwamba labda nimekuja kwenye msiba wa mtu mwingine, mwenye jina lile lile na tanuri lile lile. Nilikula samaki wangu. Nilikuwa na miaka mingi ya kutokuwa mtu wake wa chochote, na sikuona ni kwa nini niambiwe.

Tarime tulifika na lori, tumekaa juu ya makasha, vumbi hadi kwenye kope. Shangazi alikuwa amenishonea gauni na alikuja nalo mkononi ili lisikunjike, nikalivalia nyuma ya kanisa. Nilipewa kiti cha mstari wa mbele. Nakumbuka kanisa lilikuwa na madirisha ya vioo na feni, na watu wengi kuliko niliowahi kuona wamekaa kimya. Nilitazama watu wakinitazama. Nilikuwa nimeshika violini. Kama maisha yangeishia hapo, ningesema yamenitosha.

Kisha wenyeji wakawasha kinanda chao. Kilikuwa kipya, cha umeme, chenye taa, na wimbo ule tulitakiwa kupiga pamoja nacho na kwaya zote. Mpigaji wao alibonyeza ile sauti ya kutyuni. Sisi tukapitisha pinde zetu. Sitasahau. Tulikuwa chini yake, si chini sana, chini kiasi cha kuudhi, sote kwa pamoja, kama watu walioshuka kituo kimoja kabla. Mwalimu aliwapa ishara warudie. Wakarudia, nasi tukarudia kilio kile kile. Watu wa mbele walianza kusogea kwenye mabenchi. Niliona uso wa Mwalimu ukielewa, polepole, na nikaelewa naye: babu yetu wa ghalani alikuwa amezeeka akateremka, na sisi mwaka mzima tumeteremka naye kwa heshima. Siku hizi, naambiwa, mtu anabonyeza kitufe na kinanda chenyewe kinashuka. Siku ile hakuna aliyejua habari za kitufe.

"Kazeni," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Pandisheni, wote."

Tulikaza vigingi. Nyuzi zetu zilikuwa kuukuu, nyingine zilikuja na makasha, nyingine zilikuwa nyaya zilizochomolewa kwenye breki za baiskeli, na zilikuwa zimezoea uvivu wa Morotonga. Wa kwanza kukatikiwa alikuwa nesi aliyekuwa kulia kwangu. Uzi wake ulilia kama kijiti kwenye moto. Ukafuata wa fundi cherehani. Niligeuza kigingi changu taratibu, nikimwomba Mungu, na uzi wangu mwembamba ukakatika ukanichapa kwenye kiganja, na wa pili yake ukafuata nikiwa bado nashangaa wa kwanza. Nilibaki na nyuzi mbili nene. Wimbo wangu wote ulikuwa kwenye zile nyembamba. Vidole vyangu vilijua njia moja tu, niliyoipita mle stoo asubuhi baada ya asubuhi, na njia hiyo ilikuwa haipo tena. Mwalimu alipita nyuma yetu akinong'ona, waliokatikiwa wapitishe upinde hewani bila kugusa, wasiondoke kitini, wageni wasijue. Karibu nusu yetu tuliinua pinde tayari kuigiza.

Kungewezekana kukaa pale. Gauni lilikuwa jipya na Shangazi alikuwa mstari wa tatu. Ningepitisha upinde hewani na watu wa Tarime wangeniona nimeshika kitu kisicho sinia. Lakini nilitazama mlango wa pembeni, alikokuwa amesimama Okeyo na kasha mkononi, na niliona vidole vya mkono wake wa kushoto vinatembea juu ya mbao za lile kasha. Vilikuwa vinatembea kwenye uzi mmoja. Alikuwa anautafuta wimbo kwenye uzi mmoja, kama watu wa kwao wanavyoutafuta, na alikuwa ameupata. Sikufikiri sana. Nilisimama, nikatembea mbele ya watu wote hadi pale mlangoni, nikampa.

"Zamu yako," nilimwambia.

"Leo si yangu."

"Okeyo, chukua."

Aliichukua. Alikaa kwenye kiti changu cha mbele na shati lake la kubebea makasha, akaiweka begani, akaipachika kidevu juu ya kitambaa changu, na akamtazama Mwalimu. Mwalimu Nyamhanga alitazama nyuzi mbili, akatazama wageni, akatazama dari. "Haya, Okeyo," alisema. "Popote pale." Violini ikateremka hadi kwenye mkanda.

Sitaki kudai tulipiga vizuri. Wengine walikuwa wanapiga hewa, wengine walikuwa wamekaza nusu ya njia. Lakini chini ya kelele zote hizo wimbo wa jioni ulipita mzima, kwa sauti nene kuliko tuliyoizoea, na kwaya ziliushika hapo na kuutembeza. Niliusikiliza nimeegemea ukuta, nimeshika kasha tupu. Iliniuma. Ilikuwa nzuri na iliniuma, na nilipigia makofi vyote viwili. Mbele za watu sikupiga tena, siku ile wala nyingine. Njiani kurudi tulikula mikate ya Okeyo juu ya lori, na Shangazi Ghati akasema kwamba, kwa jinsi alivyoona yeye, yule kijana anakaa vibaya lakini anajua kazi yake.

Mwaka uliisha hivyo. Barua ya chuo cha unesi ilikuja kabla ya mvua, nikafunga nguo zangu. Alfajiri ya kuondoka Okeyo alileta mikate na gunia, kama kila siku. Nilimwambia abaki nayo. "Na zamu yako?" aliuliza. Nilisema nikirudi. Nilisema hivyo kama watu wanavyosema wakiwa na haraka na basi linanguruma. Nilipangiwa kazi mbali, Tabora, kisha kwingine, nikaolewa, nikafiwa. Mwalimu Nyamhanga alihamishwa, okestra ikafa kifo chake cha kawaida, na nilisikia kwamba kila mtu alibaki na violini aliyokuwa ameshika.

Baada ya mazishi nililala pale pale, kwa kuwa usafiri ulikuwa umekwisha. Kulipopambazuka Akinyi alinikuta nanawa uso. Ni mwanamke mzima, mnene kidogo, ana mikono ya baba yake. "Wacha nikuonyeshe kitu, mama," alisema, akaniingiza chumba cha nyuma cha duka, chenye meza ya kukandia na rafu za makopo. Juu ya rafu kulikuwa na gunia la unga. Alilifungua.

Nisingeitambua kwa rangi. Upande wa chini, pale ilipokuwa ikikaa kwenye mkanda, mbao zilikuwa zimelika hadi zikawa nyeupe kama mfupa. Nyuzi zilikuwa mpya. Unga ulikuwa bado umo kwenye matundu. Na juu, mahali ambapo Okeyo hakuwahi kupahitaji, kilikuwepo kitambaa changu, kimepauka, bluu imekuwa kijivu, madoa ya njano hayaonekani isipokuwa unapojua yalipokuwa. Nilikigusa. Kitambaa kilikuwa changu, lakini uzi haukuwa wangu. Palikuwa na uzi mweupe, chini yake mweusi, chini yake mwekundu, mshono juu ya mshono, wa mtu aliyekuwa akishona vizuri kidogo kila mara.

"Alikuwa anakishona mwenyewe," Akinyi alisema. "Kikilegea tu, anatafuta sindano. Sisi tulimwambia, baba, wewe huweki kidevu hapo, toa hicho kitu. Anasema hapana, hicho ni cha mtu wa asubuhi."

Niliketi kwenye gunia la ngano nikalia, na Akinyi, ambaye alikuwa amelia siku zake zote na kumaliza, aliningoja. Kisha akanipa upinde. Nilimwambia sijashika upinde tangu sijui lini, vidole vimekufa. Akasema hajui habari za vidole, yeye ameambiwa tu anipe. Nje, chini ya turubai, nilisikia vikombe. Walikuwa wanawagawia watu waliolala chai na mikate. Niliipandisha violini begani, nikaweka kidevu changu mahali pake. Ilikuwa bado asubuhi.